Trekta Dogo kwa Shamba Lenye Miti: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutuma Riyali

Kwa Waswahili wengi wa Doha, akiba ina ngazi zake. Kwanza kiwanja, halafu nyumba ya wazazi, halafu shamba. Siku hizi ngazi ya nne inasikika mara kwa mara kwenye mazungumzo ya Ijumaa: trekta. Waliotembelea maonesho ya kilimo cha bustani ya Expo 2023 pale Al Bidda Park, yaliyofunguliwa Oktoba 2023 na kufungwa Machi 2024, walirudi na hamu zaidi ya kilimo. Na simu nazo zimejaa video za matrekta mekundu na ya machungwa yanayouzwa "kwa bei ya kutupa".

Ndugu msomaji, tuliza moyo kwanza. Trekta ni chombo kizuri, lakini si kila trekta ni la kila shamba, na mashamba yetu wengi si uwanda mtupu. Mufindi na Njombe kuna misindano na mikaratusi. Rungwe kuna migomba na parachichi. Muheza kuna michungwa. Kilifi na Kwale kuna minazi, mikorosho na miembe. Shamba lenye miti lina mizizi, visiki, matawi ya chini na njia nyembamba, na trekta linalofanya vizuri katika mpunga wa tambarare laweza kukwama hapo siku ya kwanza.

Trekta hilo ni miezi mingapi ya kazi yako?

Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola: riyali 3.64 kwa dola moja. Tuseme trekta, pamoja na plau, tela na usafiri hadi shambani, limefikia dola 10,000. Hizo ni riyali 36,400. Anayeweka akiba ya riyali 1,000 kwa mwezi atahitaji miaka mitatu na ushei. Anayeweka 500 atahitaji zaidi ya miaka sita. Kima cha chini cha mshahara hapa, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Kwa hiyo kwa wengi wetu riyali 500 ni kujinyima kweli.

Andika hesabu hiyo kwenye karatasi kwa miezi, si kwa dola. Dola 10,000 husikika kama bei tu. Miezi 73 ya kuamka alfajiri ni jambo jingine.

Anza na shamba, si na trekta

Kabla ya kuuliza bei popote, mwombe mtu wa nyumbani akutembezee shamba kwa simu ya video, polepole, na ajibu maswali manne.

Ekari ngapi zinalimwa hasa? Shamba la ekari 12 lenye miti ekari nane lina ekari nne tu za kulima. Plau ya upana wa nusu mita, ikienda kilomita 5 kwa saa, hupindua mita za mraba 2,500 kwa saa. Ukitoa muda wa kugeuka, inabaki karibu nusu ekari. Ekari nne ni saa nane za kulima, na saa chache za haro. Siku mbili, na kulima kumekwisha kwa msimu huo. Siku nyingine zote trekta litafanya nini? Kama huna jibu, soma zaidi sehemu ya kukodi hapo chini.

Nafasi kati ya mistari ni mita ngapi? Misindano mingi hupandwa mita 3 kwa 3. Trekta dogo lina upana wa mita moja na robo hadi moja na nusu, hivyo hupita. Trekta kubwa lenye zana pana litachubua magome, na jeraha la gome ni mlango wa ugonjwa wa mti. Kwenye minazi ya Pwani, iliyopandwa kwa nafasi kubwa zaidi, shida hiyo ni ndogo.

Mteremko ukoje? Kama mtu anapanda akishika majani, trekta lisipelekwe pale. Milima ya Lushoto na baadhi ya mabonde ya Rungwe ni ya namna hiyo. Hapo punda, ng'ombe au mabega ya vijana bado ni salama kuliko mashine.

Visiki vipo? Kisiki kilichofichwa na majani hupasua tairi, hukunja plau na hutoboa sehemu za chini ya injini. Shamba lililokatwa miti juzi linahitaji kung'olewa visiki kwanza, au kulimwa kwa jembe la mkono kwa misimu michache hadi vioze.

Uzito ni muhimu kama nguvu

Wauzaji hupenda kutaja nguvu za farasi. Ishirini na tano, thelathini na tano, arobaini na tano. Kwa kulima, kukata majani na kuvuta tela dogo, farasi 25 hadi 45 hutosha mashamba mengi ya familia. Lakini kwenye miti, uzito na mshiko wa matairi ndivyo vinavyoamua.

Chukua gogo bichi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4. Ujazo wake ni nusu mita ya ujazo, na mti mbichi una uzito unaokaribia wa maji. Gogo hilo moja ni karibu nusu tani. Trekta la farasi 25 mara nyingi lina uzito usiofika tani moja. Unaliomba kuburuta nusu ya uzito wake kwenye udongo wenye majani yaliyolowa. Litateleza, na dereva ataongeza mafuta, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Kwa hiyo, kwa shamba la miti tafuta trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye kufuli ya difu, matairi ya kilimo yenye meno marefu, na nafasi ya kutosha kati ya tumbo lake na ardhi. Ukiona trekta dogo la bei nafuu lenye matairi laini ya kukatia nyasi za bustani, jua limetengenezwa kwa kazi nyingine. Omba pia bamba la chuma la kukinga rejeta na taa mbele, na kinga ya chini ya injini. Vitu hivyo fundi wa kuchomelea wa Mafinga au Malindi anaweza kuviongeza.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Mufindi wameijua zamani. Badala ya kuburuta gogo hadi kwenye mashine, huleta mashine ndogo ya kupasulia, ile wanayoiita dingidongi, hadi kwenye mti. Mbao hutoka zikiwa zimepasuliwa, na trekta hubeba mbao tu kwenye tela. Ukifuata njia hii hulazimiki kununua trekta zito. Ila kumbuka karatasi: Tanzania mbao zikitoka shambani kwenda sokoni zinahitaji hati ya kusafirishia kutoka TFS, na Kenya kibali cha Kenya Forest Service.

Aina nne utakazokutana nazo

Pawatila. Ni ile ya magurudumu mawili ambayo dereva huishika kwa mikono. Ilisambaa sana Tanzania baada ya Kilimo Kwanza mwaka 2009. Ni nafuu na inapita pembamba, lakini ilibuniwa kwa mpunga. Kwenye mizizi migumu huruka na kumchosha dereva, na kwenye mteremko ni ngumu kuidhibiti. Inafaa bustani ya mboga na kuvuta mzigo mwepesi kwenye njia tambarare.

Trekta dogo lililotumika kutoka Japani. Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura. Mengi ni imara na hayajatumika saa nyingi. Lakini yalitengenezwa kwa soko la kwao: maandishi ni ya Kijapani, mengi ni mepesi na mafupi kwa chini, na hufika na tila nyuma, zana inayochanganya udongo kwa visu vinavyozunguka. Visu hivyo na mizizi ya mikaratusi haviendani. Baadhi ya modeli hazikuuzwa kabisa nje ya Japani, hivyo spea zake haziko dukani. Uliza namba kamili ya modeli, kisha uliza duka la spea la nyumbani kama wana filta na mkanda wa modeli hiyo. Wakikosa hata filta, achana nayo.

Massey Ferguson la zamani. MF 135, lililotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, bado linalima Afrika Mashariki, na fundi wa karibu kila wilaya ya wakulima anaijua injini yake akiwa amefumba macho. Spea zipo. Kasoro yake kwa shamba la miti ni kwamba linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na mengi hayana fremu ya kumkinga dereva.

Trekta jipya, mara nyingi kutoka India. Mahindra, Swaraj, Sonalika, au John Deere na New Holland zinazotengenezwa huko. Bei ni kubwa, lakini unapata dhamana na wakala. Hapa swali ni moja: wakala yuko umbali gani kutoka shambani kwako? Dhamana ya mji ulio kilomita 400 mbali itakugharimu nauli ya fundi kila mara.

Tanzania kuna CAMARTEC, Arusha, taasisi ya serikali inayohusika na zana za kilimo na kuzipima. Kabla ya kununua modeli ngeni, mtume ndugu akaulize pale. Kuhusu ushuru na kodi, usitegemee taarifa ya mwaka jana. Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania huanza Julai 1, na viwango huweza kubadilika na bajeti. Pata hesabu ya wakala wa forodha kwa maandishi kabla mashine haijapanda meli.

Anayekaa juu yake ni mdogo wako

Hapa sitaki tufanye utani. Trekta hupinduka kwa njia mbili: kwa ubavu kwenye mteremko au kisiki, na kinyumenyume linapovuta kitu kisichosogea. Hii ya pili ndiyo ya kwenye miti. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye kiungo cha juu cha zana au kwenye ekseli, na gogo likakwama, pua ya trekta hunyanyuka na kumwangukia dereva kwa muda mfupi kuliko anaohitaji kukanyaga klachi. Mnyororo hufungwa kwenye ndoano ya chini peke yake, chini ya usawa wa ekseli ya nyuma. Sheria hiyo haina siku ya mapumziko.

Sweden ilikuwa ya kwanza kulazimisha fremu ya kinga kwenye matrekta mapya, mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana katika miaka iliyofuata. Fremu hiyo hufanya kazi dereva akiwa amefunga mkanda. Shambani mwenye matawi ya chini, vijana hushawishika kuikata kwa sababu inagonga matawi. Kata matawi. Au nunua lenye fremu inayokunjika, ikunjwe kupita na iinuliwe mara moja. Shafti ya nyuma inayozungusha zana, ile mafundi wanaita PTO, huzunguka mara 540 kwa dakika, na kanga, kanzu au koti lililofunguka likinaswa hakuna muda wa kupiga kelele. Hakikisha kifuniko chake kipo.

Kama bajeti hailipi trekta pamoja na fremu na mafunzo ya dereva, basi bajeti hailipi trekta. VETA ina kozi za udereva na ufundi katika mikoa mingi, na Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kinachofundisha kazi za uvunaji. Ada ya mafunzo ni ndogo ukilinganisha na matanga.

Kukodi si aibu

Kwa shamba la ekari nne hadi tano za kulima, chukua bei ya kukodi kwa ekari kijijini kwenu, zidisha kwa plau na haro, kisha zidisha kwa miaka kumi. Linganisha na riyali ulizoandika. Mara nyingi kukodi kutashinda, na fedha zako zitanunua miche, uzio au ada ya shule. Kenya baadhi ya kaunti zina vituo vya huduma za mashine za kilimo, na kampuni ya Hello Tractor huunganisha wakulima na wenye matrekta kwa simu. Kununua kunaanza kuwa na maana pale majirani watatu au wanne wanapoahidi kazi ya kulipia, au mnaponunua kwa kikundi cha ndugu.

Ukinunua, weka utaratibu kabla ya heshima kuingia kati. Ni vigumu kumdai baba mdogo mafuta. Kadi iandikwe kwa jina lako au la kikundi. Dereva alipwe, hata akiwa ndugu. Kila Jumapili picha mbili zije kwenye WhatsApp: saa ya trekta, ile inayohesabu saa za injini, na ukurasa wa daftari la mafuta. Matrekta mengi mapya hutakiwa kubadilishwa oili baada ya saa 50 za kwanza, kisha kwa ratiba ya kitabu chake. Kijana au binti yako anayesoma Education City anaweza kukutengenezea jedwali la hesabu hizo kwa jioni moja, na akajifunza kitu kuhusu shamba atakalolirithi.

Wiki hii usitume fedha. Tuma maswali manne nyumbani, pata video ya shamba, na uliza bei ya kukodi kwa ekari. Majibu hayo hayana gharama zaidi ya kifurushi cha simu, na ndiyo yatakayokuambia kama unahitaji trekta, na ni lipi.