Fahamu: Kwa nini kichaa cha mbwa hakipimwi kwa damu

Mbwa akilegea na kukataa chakula, daktari wa mifugo huanza na tone la damu. Hulipaka kwenye kioo, hulitia rangi ya Giemsa, kisha hutafuta kwa hadubini vijidudu vya babesia, ambavyo huenezwa na kupe. Majibu hutoka siku hiyo hiyo.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine. Hakuna kipimo cha kuaminika kwa mnyama aliye hai. Maabara hutaka ubongo, hasa shina lake, hivyo kumponda mbwa kichwa, jambo ambalo wengi hulikimbilia, ni kuharibu ushahidi. Katika Nyanda za Juu Kusini, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Iringa. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na bila barafu ubongo huoza njiani.

Aliyeng'atwa asisubiri majibu: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo. Mbwa anayeonekana mzima afungwe na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza salama, hakuwa akiambukiza alipong'ata.