Korongo Huja Mwisho

Mgeni akifika Kondoa, mkoani Dodoma, macho yake huvutwa na makorongo: kuta za udongo mwekundu, chini mchanga mtupu. Ni ya kutisha kweli. Ila kwa mfugaji anayetaka kuokoa malisho, korongo ni habari iliyochelewa. Dalili za mwanzo ziko juu ya mteremko, na nyingi hazifiki hata usawa wa kifundo cha mguu.

Tone kubwa la mvua hupiga ardhi kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likiangukia nyasi, nguvu huishia hapo. Likiangukia udongo mtupu, huufumua. Chembe laini huziba matundu, na jua likiwaka uso unakauka kuwa ganda. Mvua inayofuata haizami, inatiririka. Ndiyo maana malisho huweza kukauka katika mwaka ambao mvua haikukosekana. Anayetilia shaka achimbe kidogo siku moja baada ya mvua, kwenye uwazi na chini ya kichaka kilicho jirani, alinganishe unyevu.

Dalili inayosema wazi zaidi ni nyasi zilizobaki zimesimama juu ya kijukwaa cha udongo, mizizi ikichungulia pembeni. Zenyewe hazikupanda, ardhi iliyozizunguka ndiyo iliyoshuka. Hapa pana mtego: mchwa, hata matone yenyewe, huweza kurundika udongo kwenye shina, kwa hiyo ushahidi ni mizizi iliyo wazi, si kimo cha kijukwaa.

Majani makavu na samadi vikikwama kwa mistari nyuma ya vijiti, huonyesha maji yalikopita na yalikopunguza mwendo. Changarawe iliyobaki peke yake ina maana udongo laini umeshaondoka. Njia ya ng'ombe inayoshuka wima hadi lamboni nayo ni ya kuangaliwa, maana maji huifuata vilevile.

Ili kuzuia uharibifu huo huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa matuta na upandaji miti. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,256. Nyasi na vichaka vilirudi, lakini familia zilikosa maziwa na samadi, gharama ambayo sifa za mradi huisahau upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wachache walianza kurudi, safari hii wakifugwa zizini na kukatiwa majani.