MUINDI MBINGU, MTU ALIYEPELEKWA LAMU

Wafikao Emali siku ya mnada huona ng'ombe wengi walioletwa na Wakamba na Wamasai, na kila mwenye ng'ombe ana hiari ya kuuza au kurudi na mnyama wake nyumbani. Mwaka 1938 hiari hiyo iliondolewa katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni, na kwa ajili yake mtu mmoja alihamishwa mbali na kwao.

Waingereza walikuwa na desturi ya zamani ya kuwahamishia watu ng'ambo. Kati ya miaka ya 1788 na 1868 wafungwa wapatao 160,000 walipelekwa Australia kwa merikebu. Maisha ya mfungwa wa namna hiyo hufuatika kwa urahisi, maana makarani waliandika kosa lake, adhabu yake, kimo chake, hata rangi ya macho yake. Aliyepewa miaka saba aliweza kuihesabu. Samuel Muindi Mbingu hakupewa miaka ya kuhesabu.

Serikali iliona udongo wa Ukambani ukichukuliwa na mvua, ikasema kwamba mifugo imezidi malisho. Habari ya udongo ilikuwa kweli. Dawa yake ndiyo iliyokuwa chungu. Ng'ombe walinadiwa kwa lazima na kwa bei hafifu, wakati uleule kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilipohitaji ng'ombe wa bei rahisi. Kwa Mkamba ng'ombe ni mahari, tena ni akiba ya mwaka wa njaa. Aliyenyang'anywa ng'ombe alinyang'anywa pia arusi ya mwanawe.

Muindi alikuwa kiongozi wa chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai maelfu ya watu, wake kwa waume pamoja na watoto, walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakapiga kambi huko majuma kadhaa. Gavana Brooke-Popham hakukubali kuwapokea mjini. Mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Machakos kusema nao, lakini hawakuridhika. Septemba Muindi akakamatwa, kisha akapelekwa kisiwani Lamu.

Hata hivyo Serikali iliingiwa na wasiwasi, kwani Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Kabla ya mwaka kwisha mnada wa lazima uliachwa. La kustaajabisha ni kwamba neno lililolalamikiwa lilikwisha kwa miezi michache, bali aliyelisema alikaa miaka minane kati ya bahari na mikoko, mtu wa milima asiye na ng'ombe hata mmoja wa kuchunga.

Alirudishwa mwaka 1946. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, aliuawa. Siku hizi barabara ipitayo mbele ya Soko Kuu la Nairobi, ambayo zamani iliitwa Stewart Street, ina jina lake.