Vitanda Vitano, Choo Kimoja

Catalina 22 ni miongoni mwa boti ndogo za matanga zilizouzwa sana duniani. Frank Butler, mjenzi wa boti wa California, aliitoa mwaka 1969, na tangu hapo zimejengwa zaidi ya 15,000. Ina urefu wa mita 6.5 na uzito wa tani moja hivi, na inavutwa barabarani nyuma ya gari la kawaida. Ndani wanalala watu watano. Choo ni kimoja, cha kubebeka, nacho kimewekwa omoni, chini ya godoro la kitanda cha watu wawili. Anayebanwa usiku wa manane hana budi kuwaamsha waliolala juu yake, afunue godoro, ajisaidie, huku kinachomtenga na waliolala sebuleni ni pazia la kitambaa.

Kwa matembezi ya mchana kutwa, au kwa mume na mke wanaotia nanga na kulala usiku mmoja, boti hiyo haina neno. Lakini watu wengi wanaotafuta boti ndogo ya kulala huanza kwa kuhesabu vitanda, kwa sababu ndivyo matangazo ya wauzaji yanavyohesabu. Naona wanaanzia pabaya. Kwenye chombo cha chini ya mita tisa, kitanda kimoja zaidi karibu kila mara kimenunuliwa kwa kutoa mlango wa choo, na anayelipa gharama hiyo ni yule mwenye haya kuliko wote chomboni. Mara nyingi ni mwanamke, au binti aliyebaleghe, au mgeni.

Gharama yenyewe ni ya mwili. Yeyote aliyepanda mashua ya abiria kwenye pwani yetu amewaona akina mama wasiogusa maji tangu alfajiri ili wasibanwe njiani. Anayekwepa choo hunywa kidogo, na anayekunywa kidogo juani, juu ya maji ya chumvi, hupata kichwa kuuma, choo kigumu, na hatari kubwa zaidi ya maambukizi ya njia ya mkojo. Bahari ikimchafua moyo akaanza kutapika, anaingia kwenye upungufu wa maji akiwa tayari amekauka. Na mwanaume anayesimama ukingoni gizani kwa sababu choo kiko chini ya watu waliolala, mkono mmoja umeshika suruali, yuko mahali ambapo wimbi moja la ubavuni linatosha kumtupa.

Sasa tuje kwenye vipimo. Mtu mzima aliyeketi ana sentimita 90 hivi kutoka kitako hadi utosini. Mpe kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 40, atahitaji mita 1.3 kutoka sakafuni hadi darini, na hapo hajainuka wala hajavuta suruali. Viwiko vinataka upana wa sentimita 60, magoti nayo yanataka nafasi mbele. Mahitaji hayo hayapungui kwa kuwa chombo ni kidogo. Ujazo wa chombo, kwa upande wake, hukua upesi kuliko urefu wake. Ukikirefusha kwa sehemu moja ya tano, ukakipanua na kukiinua kwa kadiri ileile, ujazo unakuwa mara 1.7 ya ule wa awali, kwa sababu umezidisha 1.2 kwa 1.2 kwa 1.2. Kwa hiyo boti mbili ambazo gatini zinapishana mita moja na nusu tu zinaweza kuwa, kwa ndani, nyumba mbili tofauti kabisa.

Westerly Centaur ya Uingereza inaonyesha jambo hilo vizuri. Nayo ilitoka 1969, mchoro wa kampuni ya Laurent Giles, zikajengwa 2,444 hadi mwaka 1980. Ina urefu wa mita 7.9, lakini uzito wake ni tani tatu, mara tatu ya Catalina 22. Ina mikuku miwili, kulia na kushoto, hivyo maji yakipwa hukaa wima juu ya mchanga. Ingefaa sana kwetu, ambako wakati wa bamvua bahari hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu. Choo chake kiko baina ya sebule na chumba cha omo, kwenye chumba chenye kuta za mbao na mlango wa kufunga. Albin Vega ya Sweden, iliyobuniwa na Per Brohäll miaka ileile ya 1960, ina mpangilio wa jamii hiyo: choo upande mmoja, kabati la nguo upande wa pili, katikati njia nyembamba ya kwendea omoni. Milango ikifungwa, njia yote inageuka kuwa chumba cha choo, na mtu anapata upana mzima wa boti wa kugeukia na kuvalia nguo. Nafasi iliyokuwa ya kupitia tu inafanya kazi ya pili kwa dakika tano, kisha inarudi kuwa njia. Nimeangalia michoro mingi ya boti za kizazi hicho na sijaona matumizi ya nafasi yaliyofikiriwa vizuri kuliko hayo. Kasoro yake ni kwamba waliolala omoni hawawezi kutoka mpaka aliye chooni amalize.

Faragha, hata hivyo, haina maana kama mtu hawezi kuketi. Hapo inaingia fizikia ya mrama. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikijua chombo chao: ncha mbili ndizo zinazohangaika, katikati kumetulia. Boti inapopanda wimbi, omo na tezi hupokezana kuinuka kama pembea ya ubao, na egemeo liko karibu na katikati, nyuma yake kidogo. Kadiri unavyokaa mbali na egemeo ndivyo unavyorushwa. Chukua boti inayoinama nyuzi 5 kila upande na kumaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 3. Aliyeketi mita 3 mbele ya egemeo anapata mchapuko wa mita 1.1 hivi kwa sekunde mraba, karibu sehemu moja ya tisa ya nguvu ya uvutano, juu na chini, bila kupumzika. Aliyeketi mita moja na nusu mbele anapata nusu yake. Aliyeketi nusu mita tu kutoka kwenye egemeo anapata sehemu moja ya sita. Choo cha chini ya kitanda cha omo, basi, kimewekwa pale ambapo bahari inapiga kwa nguvu kuliko popote chomboni.

Kuna na kigegezi. Mwaka 1974 O'Hanlon na McCauley walichapisha majaribio waliyofanya kwa kuwaketisha watu ndani ya chumba kilichopandishwa na kushushwa kwa mashine, wakaona kwamba watu hutapika zaidi mwendo unapokaribia mzunguko mmoja kila sekunde tano au sita. Huo ndio mwendo wa mawimbi mengi ya bahari ya wazi. Ongeza kwamba ndani ya chumba kilichofungwa macho yanauambia ubongo kuwa kuta zimetulia, ilhali sikio la ndani linasema unapaa na kushuka. Mgongano huo wa taarifa ndio chanzo cha kichefuchefu, na chumba cha choo kisicho na dirisha, omoni, kinaukusanya mgongano wote mahali pamoja.

Wabunifu, hasa wa Ufaransa, walipata jibu la tatu kuanzia miaka ya 1980 walipoanza kupanua tezi za boti. Choo kilihamishwa nyuma, kando ya ngazi ya kuingilia. Pale mwendo ni mdogo, hewa safi iko karibu, na anayetoka zamu ameloa chepechepe anaingia moja kwa moja bila kutiririsha maji juu ya makochi ya sebuleni. Anaweza hata kuuacha mlango wazi kidogo aone upeo wa macho ikiwa tumbo limeanza kumgeuka. Kinachopotea ni kitanda kimoja cha nyuma au stoo kubwa ya tanga na kamba. Kwa maoni yangu hasara hiyo inastahili, ila chini ya mita 7.5 hivi tezi hukosa kimo cha kutosha, na chumba kinachopatikana humlazimisha mtu kuketi ameinamisha kichwa.

Mbunifu Ted Brewer alitunga kipimo cha kukadiria jinsi chombo kitakavyowatikisa watu: uzito unagawanywa kwa hesabu inayotumia urefu na upana. Namba kubwa humaanisha mwendo wa polepole zaidi. Nikitumia vipimo vya mtengenezaji, Catalina 22 inapata 11 hivi, Centaur inapata 26. Kipimo hiki hakisemi kila kitu, lakini kinaeleza kwa nini chumba cha choo kwenye boti nyepesi mno kinaweza kuwa na mlango mzuri na bado kisitumike mkisafiri.

Mlango nao hauzuii harufu, kwa hiyo aina ya choo ina uzito sawa na mahali kilipo. Choo cha pampu ya mkono huvuta maji ya bahari, na kila kilo ya maji hayo ina gramu 2.7 hivi za salfeti. Yakilala ndani ya bomba pasipo oksijeni, bakteria huitumia salfeti badala yake na kutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Boti iliyofungwa wiki mbili hunuka hata kama tangi lilimwagwa likaoshwa, kwa kuwa kinachonuka ni maji ya bahari yaliyobaki kwenye bomba la kuingizia, pamoja na viumbe wadogo waliofia humo. Kusafishia choo maji baridi yasiyo na chumvi hupunguza tatizo hilo sana. Tena mkojo ukichanganyika na maji ya bahari huacha ukoko mgumu wa chumvi za kalsiamu na magnesi, unaoziba bomba mwaka hadi mwaka.

Choo cha pampu kina hatari nyingine. Bakuli lake mara nyingi liko chini ya usawa wa maji ya nje. Valvu ikiachwa wazi na bomba likakosa kitanzi kilichopanda juu ya usawa huo, chenye tundu la kuingiza hewa, maji yanaweza kujivuta yenyewe mpaka chombo kizame kikiwa kimefungwa gatini. Choo cha kubebeka hakihitaji tundu lolote kwenye mwili wa boti, na hiyo ni sababu halali ya kukipenda kwenye chombo kidogo. Tangi lake la kawaida huchukua lita 10 hadi 20. Mtu mzima hukojoa lita moja hadi mbili kwa siku. Watu wanne, pamoja na maji ya kusafishia, watalijaza lile la lita 20 kwa siku mbili au tatu, kisha mtu mmoja abebe kilo 20 za uchafu akipanda ngazi ya boti inayotikisika.

Siku hizi ipo njia ya kutenganisha. Mkojo huenda kwenye chupa ya mbele, kinyesi kwenye ndoo ya nyuma yenye vumbi la makumbi ya nazi. Uvundo mwingi wa choo hutokana na viwili hivyo kukutana: vimeng'enya vya bakteria huivunja urea ya mkojo kuwa amonia. Vikitengwa, na feni ndogo ikivuta hewa kutoka kwenye ndoo, harufu karibu inakwisha. Sheria pia inasukuma huko. Marekani inakataza kumwaga uchafu usiosafishwa ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani, nako ndiko boti ndogo zinakotumia maisha yake.

Majahazi ya zamani hayakuwa na shida hizi zote. Mabaghala na mabumu ya Ghuba yaliyokuja Unguja na Mombasa kwa kaskazi yalibeba sanduku la mbao lililoning'inizwa nje ya tezi, likiwa na kuta za kumsitiri mtu na uwazi chini. Halikula nafasi ya shehena, na harufu haikupata pa kukaa. Boti ya mita saba haiwezi kuiga hilo. Tezi yake iko karibu mno na maji.

Upo upande wa pili, na nauheshimu. Lin na Larry Pardey waliizunguka dunia kwa miaka kumi na moja ndani ya Seraffyn, boti ya mita 7.4 waliyoijenga wenyewe, isiyo na injini wala chumba cha choo. Walitumia ndoo. Walikuwa mke na mume, na nafasi waliyookoa ilibeba chakula na maji. Kwa watu wawili wa namna hiyo, uwazi unaleta hewa na mwanga, na ukuta wa choo ungekuwa mzigo. Wakipanda mkwe, shemeji na watoto wakubwa, hesabu inabadilika siku hiyohiyo.

Kwa familia, basi, ningechagua choo cha katikati chenye milango kama cha Centaur au Vega, na boti ikizidi mita 8.5 ningetafuta kile cha kando ya ngazi. Kwa wanandoa wenye boti ya mita sita na nusu, ningekitoa choo cha kubebeka chini ya godoro la omo na kukisogeza karibu na ngazi, hata kama kitanda kimoja kitakufa.

Ukienda kuikagua boti, vaa jaketi la kuokolea, ingia chooni, funga mlango, uketi. Angalia kama magoti yanagusa mbao, kama kuna kishikio cha mkono pande zote mbili, kama mlango unajifunga boti ikilala ubavu. Mwombe mwenzako azungumze sebuleni kwa sauti ya kawaida, usikie ukuta unapitisha kiasi gani. Inama utafute valvu, uone kama mkono unaifikia bila kufungua sakafu. Kisha muulize muuzaji bomba la pumzi la tangi linatokea wapi. Likiwa limetokea chini ya dirisha la chumba cha kulala, kulihamisha ni kazi ya asubuhi moja na mita chache za bomba jipya.