JE, MAFUTA YAWEZA KUWA UNGA?

Mwanafunzi mwenzangu, umewahi kufungua sanduku lako bwenini ukakuta njugu ulizopewa nyumbani zinanuka kama rangi ya ukuta? Usimlaumu jirani yako wa kitandani. Mwizi ni hewa. Oksijeni huyavunjavunja mafuta ya njugu, hasa penye joto na mwanga, nasi husema yamechacha.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya mafuta yenye manufaa makubwa mwilini ndiyo huharibika upesi zaidi. Chukua mafuta ya kitani. Karibu nusu yake au zaidi ni omega-3, na oksijeni huipenda mno hiyo omega-3. Ndiyo maana tangu zamani mafundi wa rangi huyatumia: yakikutana na hewa hukauka yakawa utando mgumu. Sasa hebu yatie katika unga wa uji uone kama utanyweka baada ya miezi michache!

Basi wataalamu wameyavika koti. Huchukua gundi ya migunga, ile inayokusanywa na wafugaji huko Isiolo, Samburu na Turkana, wakaiyeyusha majini. Humimina mafuta humo na kuyakoroga kwa nguvu sana hadi yawe matone yasiyoonekana, mchanganyiko mweupe kama maziwa. Kisha huunyunyizia ndani ya chumba chenye hewa moto ya nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi. Maji hutoroka, gundi hukauka ikiyazunguka matone, na kinachoanguka chini ni unga! Kwa kawaida chembe yake moja ni nyembamba kuliko unywele.

Utauliza, si joto hilo litayakaanga mafuta? La. Maji yakitoka huondoka na joto, kama jasho linavyokupoza baada ya mbio, na kazi yote huisha kwa sekunde chache.

Hata hivyo, koti peke yake halitoshi. Mafuta kidogo hubaki nje ya chembe, na hewa kidogo hunaswa ndani. Molekuli moja ikiharibika huiambukiza jirani yake, naye wa pili yake, mfano wa uvumi bwenini. Hapo ndipo zinapohitajika antioksidanti, kama vile vitamini E au dondoo la majani ya rosemari. Hizo hujitoa mhanga: humpa mharibifu atomu ya haidrojeni, naye akatulia. Lakini kipimo ni muhimu, kwani vitamini E ikizidi yaweza kuchochea uharibifu ule ule.

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe vitamini A, ambayo nayo haipatani na hewa. Kwa hiyo hutiwa ikiwa imefungwa kwa njia kama hii, pamoja na antioksidanti. Unga wa kinu cha kijijini, ambao wengi wetu tumekulia, kwa kawaida hautiwi kitu.