Neti inayozaa mizuka ya Halloween, na moto unaoinyemelea

KILA ifikapo Oktoba 31 jioni, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Ndiyo Halloween, sikukuu iliyovuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Wenye nyumba nao hujiandaa. Maboga yaliyochongwa sura za watu hupangwa kwenye ngazi, buibui wa plastiki hutundikwa mlangoni, na mifupa bandia hulazwa kwenye nyasi.

Miaka ya karibuni mapambo hayo yamepata mwenzao. Bei ya projekta ndogo za nyumbani imeshuka, na video fupi za mizuka zinauzwa kwenye intaneti kwa ajili ya usiku huo. Mwenye nyumba hutundika kitambaa chepesi barazani, akawasha projekta, na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akaonekana anaelea hewani huku miti iliyo nyuma yake ikionekana vilevile.

Sikukuu hii si ngeni tena kwa wasemaji wa Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zilizopewa makazi Marekani zinaishi katika mitaa ambayo milango hugongwa usiku huo, na watoto wao hutoka na wenzao. Kwa wazee wanaotoka katika jamii ambazo mizimu si jambo la mzaha, mchezo huo unaweza kushangaza. Hata hivyo hakuna uganga ndani yake. Kuna mwanga, giza na kitambaa, na katika vitatu hivyo kitambaa ndicho kinachowapa watu taabu zaidi kukichagua.

Kwa nini kitambaa cha kuona ng'ambo

Ukuta mweupe au shuka hupokea mwanga wote wa projekta, ndiyo maana picha huonekana vizuri. Lakini mzuka ulio ukutani ni sinema tu. Mtazamaji anaona mahali ulipobandikwa. Kitambaa chenye matundu hufanya kazi tofauti. Sehemu ndogo ya mwanga hugonga nyuzi na kurudi machoni, na sehemu kubwa hupita kwenye matundu. Jicho huona umbo, halafu huona pia kilicho nyuma ya umbo hilo, na akili huamua kwamba umbo limesimama hewani.

Video yenyewe lazima iwe imepigwa kwenye mandhari nyeusi tii. Penye weusi projekta hutoa mwanga hafifu mno, kwa hiyo kitambaa hakiangazwi mahali hapo. Video yenye mandhari ya kijivu au ya chumba huchora mstatili unaong'aa kwenye kitambaa, na kila mpita njia akaona pazia limetundikwa. Mara nyingi mtu hulaumu kitambaa, kumbe kosa ni la video.

Neti, shifoni au pazia

Kinachotumiwa sana ni neti laini ya shela, ile inayofunika uso wa bibi harusi. Matundu yake ni madogo na yanalingana, ni nyepesi, na bei yake kwa yadi ni ndogo kuliko vitambaa vingi. Tatizo ni upana. Ikiwa vipande viwili vitashonwa pamoja, mshono huonekana kama mstari katikati ya mzuka, hivyo ni heri kutafuta jora pana tangu mwanzo.

Rangi huleta ubishi zaidi. Neti nyeupe hurudisha mwanga mwingi na picha huwa kali, lakini taa ya barabarani ikiigusa tu, kitambaa chote huonekana. Neti nyeusi hupotea kabisa gizani, ila hunyonya mwanga, hivyo huhitaji projekta yenye nguvu. Ya kijivu imesimama katikati, na kwa nyumba iliyo karibu na taa za mtaa mara nyingi ndiyo inayofaa.

Shifoni na mapazia mepesi ya dirishani yamefumwa kwa kubanana kuliko neti. Picha hukaa vizuri, lakini kilicho nyuma hufifia na mzuka hupoteza ule uwazi wake. Oganza ina mng'ao unaorudisha mwanga kama kioo, na vidoa vyeupe hutokea pasipotakiwa. Kitambaa cha pamba kilicholegea, kile cha kuchujia jibini, hakifai kwa sura yenye maelezo mengi, lakini kikichanwachanwa na kuning'inizwa hufanya mzuka uonekane umevaa matambara. Neti ya kuzuia wadudu madirishani, ile nyeusi, nayo hutumika. Ni ngumu, hainyauki, na hustahimili umande.

Majumba ya michezo ya kuigiza yana kitambaa chao maalumu cha pamba, chenye matundu marefu yanayofanana na ngazi ndogo. Kikiangazwa kwa mbele huonekana kama ukuta. Taa ya mbele ikizimwa na ya nyuma kuwashwa, ukuta hutoweka na watu walio nyuma wakaonekana. Ni kizuri kuliko vyote, na bei yake huwafanya wengi warudi kwenye neti.

Mwanga uliopita huenda wapi?

Swali hili husahaulika mpaka usiku wenyewe. Mwanga uliopenya kwenye matundu haupotei. Kama nyuma ya kitambaa kuna ukuta mweupe, mzuka wa pili hutokea ukutani, mkubwa na mkali kuliko wa kwanza, na siri yote ikafichuka. Dawa yake ni kuweka projekta chini na kuielekeza juu ili mwanga uliopita uishie kwenye anga au matawi ya miti, au kuiweka juu ili uishie kwenye nyasi. Penye ukuta wa karibu, kitambaa kizito cheusi hutundikwa mbele yake.

Wengine huweka projekta nyuma ya kitambaa ili watoto wasikatize mwanga. Hapo matundu huwa kero, kwa sababu mtazamaji aliyesimama mbele huona lenzi yenyewe inawaka katikati ya kifua cha mzuka. Projekta ihamishwe pembeni au juu, nje ya mstari wa macho ya watu. Vilevile vitone vya picha vikikutana na matundu ya neti, mawimbi ya ajabu huweza kutokea. Kugeuza kitambaa kidogo au kulegeza ukali wa lenzi huyaondoa.

Majira nayo yana neno lake. Mwishoni mwa Oktoba jua la miji mingi ya Marekani huzama karibu saa 12 jioni, na watoto wadogo huanza kutembea saa hiyohiyo. Mzuka utakaowatisha wakubwa saa mbili usiku hautaonekana kabisa na hao wa kwanza.

Mchezo wenye umri wa karne mbili

Wanaotundika neti barazani wanarudia kazi ya zamani. Mwaka 1798, Étienne-Gaspard Robertson alianza kuwaonyesha watu wa Paris maonyesho yaliyoitwa fantasmagoria. Taa yake ya picha ilikuwa na magurudumu na ilifichwa nyuma ya kitambaa chepesi kilichopakwa nta ili kipitishe mwanga. Alipoisogeza, mzuka ulikua na kuonekana unawajia watazamaji.

Usiku wa Desemba 24, 1862, John Henry Pepper alionyesha mzuka mwingine katika taasisi ya Royal Polytechnic jijini London, akiendeleza wazo la mhandisi Henry Dircks. Yeye alitumia kioo kikubwa kilichoinamishwa, kilichoakisi mtu aliyefichwa chini ya jukwaa. Mbinu hiyo ingali hai. Ndiyo inayowachezesha mizuka wa ukumbi wa dansi katika Haunted Mansion, nyumba ya maonyesho iliyofunguliwa Disneyland, California, mwaka 1969. Kioo cha namna hiyo hakipandi barazani kwa mtu, na neti ndiyo iliyoziba pengo.

Hatari iliyo katika wepesi wake

Sifa zinazoifanya neti ipotee gizani ndizo zinazoifanya ishike moto upesi: nyuzi nyembamba, na hewa tele kati yake. Wiki chache kabla ya onyesho la Pepper, ulimwengu wa jukwaa ulikwishapata somo hilo. Novemba 1862, Emma Livry, mcheza baleti wa Opera ya Paris mwenye umri wa miaka 20, alikuwa katika mazoezi wakati sketi yake nyepesi ilipogusa taa ya gesi. Aliungua vibaya na kufariki dunia Julai 1863. Dawa ya kupunguza kasi ya moto kwenye vitambaa ilikuwapo. Wachezaji wengi, yeye akiwamo, waliikataa kwa kuwa ilifanya sketi ikakamae na kupoteza weupe wake.

Halloween ina hatari hiyohiyo, kwa sababu desturi yake ni kuweka mshumaa ndani ya boga. Boga hilo hukaa barazani, mahali palepale panapotundikwa neti, na upepo wa vuli hausubiri mtu. Neti ya pamba huwaka mara moja. Ya nailoni au poliesta huyeyuka na kudondoka ikiwa ya moto, na huganda kwenye ngozi. Kwa hiyo mshumaa wa betri ni sehemu ya gharama ya mzuka, sawa na kitambaa chenyewe.

Marekani kuna kipimo kiitwacho NFPA 701 cha vitambaa vya kutundikwa, na wauzaji wa vifaa vya jukwaa huonyesha kama kitambaa kimekipita. Hicho kinafaa kuulizwa kabla ya kulipa. Kitambaa kilichotiwa dawa ya juujuu kinaweza kuipoteza kikifuliwa au kikinyeshewa. Neti isifunike matundu ya kupoza projekta, na isikatize njia ya watoto, kwani kitambaa kisichoonekana huweza kumnasa anayekimbia.

Neno hili halikomei Marekani. Neti hiyohiyo ndiyo inayofunika dari na kuta za kumbi nyingi za harusi kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Kigali na Bujumbura, na mara nyingi meza za chini yake huwekwa mishumaa. Mpambaji wa ukumbi na mwenye baraza wanapaswa kuuliza swali moja dukani: likitokea cheche, kitambaa hiki kitafanya nini?

Kwa anayetaka mzuka mwaka huu, njia ya kuokoa fedha ni kununua yadi moja moja ya neti nyeusi, nyeupe na ya kijivu, kuzitundika usiku mahali penyewe na kuwasha projekta. Atazame akiwa amesimama pale watoto watakaposimama. Ipatikane ile ambayo umbo linaonekana na kitambaa hakionekani, kisha ipigwe pasi kwa moto mdogo, ivutwe sawasawa na kuwekewa uzito kwenye pindo la chini. Anayependa mzuka unaotetemeka aache pindo bila uzito, upepo utafanya kazi iliyobaki. Mradi pasiwe na mshumaa karibu.