Arizona majira ya kuchipua: chunga saa, beba koti

Mfanyabiashara anayevuka Rusumo kuingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Anayepanga mapumziko katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani atakuta mtego kama huo ndani ya nchi moja.

Jumapili ya pili ya Machi, Utah na New Mexico husogeza saa mbele. Arizona haisogezi, ila ardhi ya Wanavajo iliyomo humo husogeza. Ukitoka Phoenix kwenda Monument Valley, saa moja imepotea, na miadi uliyolipia huenda ikakupita.

Phoenix ni joto Aprili, lakini ukingo wa kusini wa Grand Canyon, mita 2,100 hivi juu ya bahari, huweza kupata theluji. Kabla ya kulipia, uliza: saa ya wapi?